Talanta Iliyofukiwa Katika Faili

Tunajua kwamba wengine mnatusikiliza mkiwa mnajiandaa kwenda ibadani, wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa, na wengine mko kazini, kwa maana zamu ya usiku haitambui Jumapili. Somo letu la leo limo katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, tangu mstari wa 14 hadi wa 30. Ni mfano wa talanta.

Kisa chenyewe mnakifahamu tangu utotoni. Bwana mmoja anasafiri, anawaachia watumishi wake watatu mali yake: huyu talanta tano, yule mbili, na wa mwisho moja. Wawili wa kwanza wanafanya biashara na kuzalisha. Wa tatu anachimba shimo, anaifukia talanta yake, anakaa kumngoja bwana wake arudi.

Hapo kale talanta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha, na wataalamu wa Maandiko wanatueleza kwamba talanta moja ilikaribia ujira wa kibarua kwa miaka kama 20. Basi mtumishi wa tatu hakupewa kidogo. Alipewa mali ambayo maskini wa wakati ule asingeweza kuikusanya hata kwa nusu ya maisha yake. Na tutazame pia kosa lake. Hakuiba. Hakulewa. Hakuitapanya mali ya bwana wake kwa anasa. Aliirudisha yote, pengine ikiwa na udongo kidogo tu. Kosa lake ni kwamba aliogopa, na hofu yake akaiita uaminifu.

Ndugu zangu, leo tunataka kusema juu ya talanta ya namna moja tu, nayo ni maarifa: kile ambacho mtu amekigundua kwa macho yake au amejifunza shuleni, chuoni au kwa fundi. Je, tukishapata maarifa tunayafanyia nini? Wazee wetu walitujibu zamani waliposema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta ipo, umbo la sega lipo, lakini mwenye njaa haridhiki kwa kulamba nta.

Kabla hatujamnyoshea mtu mwingine kidole, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe.

Miaka sita iliyopita, katika usharika mmoja wa vijijini tuliotumwa kuutumikia, alitujia binti aliyekuwa ametoka masomoni katika chuo cha kilimo. Alibisha hodi jioni, akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji." Tukamwitikia, tukampa kiti. Akatoa karatasi mkobani. Alikuwa amechora kikaushio cha jua: sanduku la mbao lililoinuliwa juu ya miguu, upande mmoja umefunikwa kwa nailoni angavu, ndani mna trei za wavu, chini pana tundu la kuingizia hewa na juu pana tundu la kuitoa. Pembeni aliandika vipimo vyote, pamoja na unene wa vipande vya embe na siku za kukausha.

Nanyi mnajua jinsi maembe yanavyokuwa katika vijiji vyetu. Kwa majuma machache yanazidi uwezo wa watu kuyala. Yanauzwa kwa bei isiyolipa hata nauli ya kuyafikisha sokoni, kisha yanaoza chini ya miti, na nzi wanajaa. Baada ya miezi mitatu watoto wa kijiji kile kile hawana tunda la kula. Binti yule aliomba mkopo wa fedha za mbao, misumari na nailoni, na ruhusa ya kutumia uwanja ulio nyuma ya kanisa. Akaahidi kurudisha mkopo baada ya misimu miwili.

Tulimsifu sana. Tukamwambia kwamba jambo lake litafikishwa mbele ya baraza la wazee. Kikao cha kwanza kilikuwa na ajenda nyingi. Katika kikao cha pili mzee mmoja aliuliza, je, kanisa limekuwa duka? Wengine walicheka, nasi tuliokuwa tumekalia kiti cha mwenyekiti tulicheka pamoja nao. Katika kikao cha tatu katibu aliandika kwamba ombi limeahirishwa, na karatasi ikatiwa katika faili. Mwaka uliofuata binti yule alikwenda mjini, akaajiriwa kuuza katika duka la vifaa vya simu. Maembe yakaendelea kuoza.

Tulimlaumu nani? Tulisema vijana wa siku hizi hawana subira. Hatukujua kwamba shimo la talanta tulikuwa tumelichimba sisi.

Labda msikilizaji utasema kwamba karatasi moja si kitu. Basi tukusimulie habari ya karatasi nyingine. Mwezi Septemba mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, daktari Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta kisahani chake cha vijidudu kimeota ukungu. Mtu mwingine angekiosha. Yeye alikitazama, akaona kwamba vijidudu vilivyokuwa karibu na ukungu ule vilikuwa vimeyeyuka. Akaipa dawa iliyotoka katika ukungu huo jina la penisilini, na mwaka 1929 akachapisha habari zake katika jarida la kitaalamu. Akajaribu yeye na wasaidizi wake kuitenga dawa hiyo, lakini iliharibika upesi, nao wakaiacha.

Kwa karibu miaka tisa makala ile ililala maktabani. Wakati wote huo watu walikufa kwa nimonia, kwa vidonda vilivyooza, na akina mama walikufa kwa homa ya uzazi. Ugunduzi ulikuwepo, lakini mgonjwa hanywi makala.

Mwaka 1938, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Ernst Chain, mkimbizi wa Kiyahudi aliyetoka Ujerumani, aliisoma makala ile. Yeye na mkuu wake, Howard Florey, mzaliwa wa Australia, wakaamua kujaribu tena. Pamoja nao alikuwapo Norman Heatley, mtu mpole mwenye mikono ya fundi. Vita vilikuwa vimeanza na vifaa havikupatikana. Basi walipanda ukungu katika vyombo vyovyote walivyoweza kuvipata, hata katika bakuli za kujisaidia wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya wanane vijidudu vikali, wakawapa dawa wanne tu. Heatley alikesha maabarani. Kabla ya mapambazuko panya wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na wale waliopewa walikuwa hai.

Mwezi Februari 1941 waliijaribu dawa kwa askari polisi mmoja aliyekuwa ameoza uso na kichwa kwa maambukizi. Akaanza kupona. Homa ikashuka, hamu ya chakula ikarudi. Lakini dawa yote iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno. Walifika hadi ya kuuchuja mkojo wake ili waipate dawa iliyopita mwilini na kumpa tena. Siku chache baadaye ikaisha kabisa, na mwezi Machi mtu yule akafa. Hakufa kwa kukosa ugunduzi, maana ugunduzi ulikuwa na zaidi ya miaka 12. Alikufa kwa kukosa kiwanda.

Florey na Heatley walielewa hivyo. Mwezi Julai mwaka ule ule walisafiri kwenda Marekani, hata wakafika mji wa Peoria katika jimbo la Illinois, penye maabara ya serikali iliyoshughulikia mazao ya kilimo. Huko maji mazito yanayobaki baada ya kutengeneza wanga wa mahindi yalikuwa yakitafutiwa matumizi, na ukungu ulipolishwa maji hayo ulitoa dawa maradufu. Mwaka 1943 aina bora zaidi ya ukungu ilipatikana katika tikiti lililooza, kutoka soko la mji huo huo. Viwanda vilivyokuwa na ujuzi wa kuchachisha vitu katika mapipa makubwa vikaichukua kazi. Ilipofika Juni 1944, majeshi yalipovuka bahari kuingia Ufaransa, dawa ilikuwapo kwa wingi wa kuwatosha majeruhi. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Heatley hakutajwa. Chuo chake kilimpa heshima ya udaktari mwaka 1990, baada ya miaka 45.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, aliyeona na aliyetenda si lazima wawe mtu mmoja. Fleming alikuwa na jicho, Chain alikuwa na ujuzi wa kemia, Florey aliwaunganisha watu, Heatley alikuwa na mikono, na wenye viwanda walikuwa na mapipa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pili, kilichokosekana katikati mara nyingi ni kitu kinachoonekana duni: chombo cha kupandia, maji ya mahindi, tikiti la sokoni. Tatu, anayeshika kazi ya mikono asisahauliwe siku ya kugawa heshima na mapato. Tukisahau hilo, ubunifu wetu utakuwa dhuluma iliyovaa nguo mpya.

Lakini tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari Magamba, wilayani Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yatiwe katika friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa inakwisha, naye akaogopa kuikosa. Akatia maziwa yake yakiwa bado moto. Ajabu ni kwamba yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba wao huko hutia maziwa ya moto ili yagande upesi. Mnaona jambo hilo? Wachuuzi wa aiskrimu walikuwa wakilitumia kila siku katika biashara yao jambo ambalo darasani lilichekwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mgeni kutoka Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lake tena, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wakilikubali na wengine wakilitilia shaka, lakini duniani kote huliita kwa jina la kijana yule wa Magamba.

Habari hii inatuonya sisi tulio wazee, walimu na wachungaji. Mara nyingi kinachoifukia talanta ya kijana ni kicheko cha wakubwa. Shimo halichimbwi kwa jembe peke yake.

Na yuko mwingine wa karibu zaidi. Askwar Hilonga alizaliwa katika kijiji cha Gongali, wilayani Karatu. Alisoma hadi kupata shahada ya udaktari huko Korea Kusini, katika elimu ya chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Angaliweza kubaki huko na vyeti vyake. Alirudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, akatazama maji yanayonywewa na watu wa kwao. Sehemu za mkoa ule maji yana madini ya floraidi kupita kiasi, yanayotia meno rangi ya kahawia na hata kuumiza mifupa. Akaunganisha elimu yake ya ng'ambo na kitu cha kale ambacho bibi zetu wanakielewa, yaani kuchuja maji kwa mchanga, akatengeneza kichujio kinachoweza kupangwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Hakukomea kwenye tuzo. Alikwisha kuanzisha kampuni yenye jina la kijiji chake, na vichujio vikawekwa mahali ambapo watu wa kawaida waliweza kuwauzia majirani zao maji safi na kupata riziki.

Wapendwa wasikilizaji, kuna watu wanaoona haya kutaja faida na Injili katika sentensi moja. Ni kweli kwamba fedha imewapotosha wengi, na dawa iliyozaliwa kwa ajili ya wagonjwa ikaweza kuuzwa kwa bei inayowaua maskini. Tusilifumbie macho hilo. Lakini bwana katika mfano wetu hakumkemea aliyezalisha tano juu ya tano. Faida ya haki ndiyo inayoiwezesha kazi njema kuishi hata baada ya msimu wa kwanza. Kisima kilichochimbwa kwa msaada, bila mtu wa kulipwa kukitengeneza, hukauka siku pampu inapovunjika. Swali la Mkristo si kama afanye biashara au asifanye, bali ni hili: biashara hii inamponya nani, inamlipa nani, na inamnyima nani?

Basi tufanye nini? Tuseme mambo manne, nanyi mtaongeza.

La kwanza, anza na lililo karibu. Kabla ya kutafuta mtaji, tafuta kinachooza, kinachomwagika au kinachotupwa mbele ya mlango wako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La pili, jaribu kwa kiasi kidogo, na ukikosea usione aibu. Kosa la trei moja hulipika, lakini kosa la trei mia hufilisi. Na kila jaribio liandikwe, fedha na vipimo pia, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

La tatu, usikae peke yako. Tunalo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, na tunalo Shirika la Viwango, TBS. Nenda ukaulize. Na ukiwa umegundua jambo jipya kweli kweli, uliza pia habari za hataza. Kule Oxford, Chain alitaka penisilini ilindwe kwa hataza, akakatazwa kwa kuambiwa kwamba si jambo la heshima; baadaye mtafiti mmoja wa Peoria aliandikisha hataza za njia za kuizalisha. Kulinda kazi yako si uchoyo, iwapo unailinda ili iwafikie wengi.

La nne linatuhusu sisi viongozi. Kijana akija na karatasi, tusimpe sifa tu. Sifa bila jibu ni namna ya kufukia. Tumwambie ndiyo, au hapana, au ndiyo kwa sharti hili, na siku tuitaje.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Mwaka jana, tulipokuwa tukiandaa mahubiri juu ya mfano huu wa talanta, tulisimama katikati ya kazi, tukaenda ofisini kufungua kabati. Faili lilikuwapo. Karatasi ilikuwapo, pembeni imeliwa na mende, lakini mchoro ulisomeka. Tulimtafuta binti yule mjini, tukampata, tukamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, vipimo nimevisahau. Nilijiambia nisivikumbuke." Ndugu zangu, neno hilo lilituuma kuliko kemeo lolote. Maarifa yasiyotumiwa hayakai salama shimoni yakimngoja bwana arudi. Hufa, na pamoja nayo hufa sehemu fulani ya yule aliyeyapata.

Tulimpelekea karatasi yake, kwa maana ilikuwa yake. Tuliwaomba wazee watoe fedha zilizoombwa miaka ile, nao, pamoja na yule aliyeuliza habari ya duka, walikubali. Aliomba likizo wakati wa msimu wa maembe, akaja na fundi seremala. Trei za kwanza ziliota ukungu, kwa sababu vipande vilikatwa vinene. Hatukucheka. Vikakatwa vyembamba zaidi, na trei zilizofuata zilikauka vizuri. Hajarudi kijijini kabisa, nasi hatumshurutishi. Anao watoto wa kulisha, na duka linamlipa kila mwezi. Lakini akina mama saba wa kijiji kile wamejifunza kwake, na katika kila shilingi wanayopata wamekubaliana sehemu iliyo yake. Ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Msikilizaji mpendwa, leo ukitoka ibadani, au ukiinuka hapo ulipo, fungua kabati lako. Kuna daftari gani humo? Kuna cheti gani, ufundi gani, swali gani ulilochekewa ukaliacha? Na wewe uliye kiongozi, kuna karatasi ya nani katika faili lako?

Tuombe. Ee Mungu, mtoaji wa hekima yote, utusamehe mashimo tuliyochimba kwa hofu na kwa kicheko. Uwape vijana wetu ujasiri wa kujaribu, na utupe sisi masikio ya kuwasikia. Ubariki kazi ya mikono yao, ili mwenye njaa ashibe, mgonjwa apone, na atendaye kazi apate haki yake. Amina.